Kila Kijidudu na Ukoo Wake

Hakuwa na desturi ya kutoa mkono. Ukimsalimu, alikunja kiwiko na kukusogezea, huku akicheka. Wageni walidhani ana kiburi, mpaka siku walipomwona akimsogezea padri kiwiko hichohicho mlangoni mwa kanisa, mbele ya waumini wote.

Sisi wauguzi tulimwita Muzee wa Labo. Labo yake, yaani maabara, ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya hospitali tuliyofanyia kazi, Bukavu, miaka ya vita. Dirisha moja lilitazama ziwa. La pili lilizibwa kwa plastiki tangu mlipuko ulipovunja kioo chake. Jina lake nalijua, na jina la baba yake pia, lakini sitayaandika. Nimemkosea vya kutosha bila kumtaja.

Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Nilimpelekea damu na mikojo ya akina mama asubuhi, nikarudi mchana kuchukua majibu, na kila mara nilikaa zaidi ya nilivyopaswa kukaa. Alikuwa mtu wa kukaa naye. Sahani zake za kioo za kuoteshea vijidudu zikiota vizuri, alipiga mluzi wa rumba. Zikiharibika, alinyamaza siku nzima, na hata mganga mkuu aliogopa kuingia. Koti lake jeupe lilikuwa na viraka vyeupe vya aina tatu. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, polepole, akihesabu kwa Kifaransa mpaka *soixante*, sitini, kisha akatoka nje na kununua muhindi wa kuchoma kwa mama wa barabarani na kuula bila hata kuufuta.

“Muzee,” nilimwambia siku moja, “na ile usafi yote?”

“Moto imeshanawa kwa niaba yangu,” akajibu, mdomo umejaa.

Askari hawakumtisha. Wakati mji ulipokuwa mikononi mwa waasi, kamanda mmoja aliingia na jipu shingoni, akaweka bunduki mezani, katikati ya sahani, akadai sindano kali kuliko zote, hapohapo. Muzee alichukua kijiti chenye pamba, akagusa usaha wa lile jipu, kisha akaisogeza bunduki kwa kidole kimoja kama mtu anayeondoa kikombe.

“Rudia kisha siku mbili, mukubwa. Mpaka ile kidudu iniambie yenyewe dawa gani inaiogopesha.”

Kamanda akarudi baada ya siku mbili, akapewa dawa yake, akapona. Tangu hapo walinzi wake walimpigia Muzee saluti barabarani. Lakini mtu huyohuyo, radi ikipiga juu ya ziwa, alikusanya sahani zake kifuani, akajikunyata chini ya meza na kupiga ishara ya msalaba. Nilimkuta huko mara nyingi. Hakuona haya. Aliniambia nimpitishie kalamu, akaendelea kuandika akiwa chini.

Alichoandika ndicho kilichomfanya awe yeye. Kila jipu, kila kidonda kilicholetwa, aliotesha usaha wake juu ya chakula cha vijidudu alichokipika mwenyewe na kukichanganya na damu. Damu ya kondoo ndiyo iliyotakiwa, lakini kondoo walikuwa wameisha, wameliwa na majeshi. Basi alikunja shati na kunipa mkono wake mwenyewe. “Vuta, mutoto yangu. Ni miye kondoo iliyobakia.” Umeme ukikatika, alipanga sahani ndani ya sanduku pamoja na chupa za maji moto, akawa anabadilisha maji kama kuku anayegeuza mayai.

Vijidudu vya majipu, vile vinavyoitwa stafilokoki, viliota kama vitone vidogo vya rangi ya dhahabu. Alitoboa karatasi kwa mashine ya ofisini, akapata viduara, akavilowesha kila kimoja katika dawa tofauti na kuvipanga juu ya sahani. Dawa iliyoweza, ilizungukwa na uwazi, vijidudu vimekimbia. Dawa iliyoshindwa, vijidudu viliota mpaka vikaipanda mgongoni.

“Batu banazania hii bidudu yote ni mama mumoja,” alinieleza mara ya kwanza. “Apana. Biko na famille, sawa siye. Angalia. Hii inatoka Bagira: penisilini inaikula sawa bugali, lakini ile ya kapsule nyekundu inaiogopa. Hii ingine inatoka Bagira pia, avenue ileile, na haifanane na ndugu yake hata kidogo. Na hii ililetwa na muchimba dhahabu wa Luhwindja. Luhwindja inatoa dhahabu ya namna mbili, unaona?”

Akacheka mwenyewe. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha jambo lililokuwa likimsumbua. Zamani, alisema, vijidudu sugu aliviona kwa wagonjwa waliolazwa muda mrefu. Sasa vilitoka kwa watu ambao hawajawahi kulala hospitali: mchuuzi wa dagaa wa sambaza, mwanafunzi, bibi aliyekimbia vita na kulala nyumba moja na watu ishirini. Na havikuwa ukoo mmoja uliotoroka hospitalini ukaenea mjini. Zilikuwa koo nyingi, kila moja imejifunza ukaidi wake nyumbani kwake. Aliamini kwamba akiandika kwa uangalifu rangi, jinsi zinavyoyeyusha damu, dawa zipi zinazishinda na zipi hazizishindi, ataweza kutambua ukoo popote utakapotokea, kama unavyomtambua mtoto wa fulani kwa paji la uso. Madaktari walimcheka kidogo. Walisema kazi hiyo inahitaji mashine za Ulaya zinazosoma urithi wa kijidudu chenyewe. Yeye alikuwa na daftari la shule na kalamu.

Aligombana na wauza vidonge wa sokoni, wale waliotembeza beseni la kapsuli za rangi mbili na kukukatia mbili, tatu, kama pipi. “Dawa nusu ni masomo,” aliwaambia. “Munafundisha bidudu kupigana!” Siku moja nilimkuta mbele ya beseni hilohilo akinunua kapsuli nne. Aliponiona alizitia mfukoni.

“Ni jino ya muke wangu,” akasema. Tulitembea hatua kadhaa. “Mutu akilia mu nyumba yako, mutoto yangu, sayansi inatoka inje kidogo.”

Nilimpenda zaidi kwa maneno hayo. Na baadaye niliyatumia vibaya, nikijipoza nayo kwa dhambi yangu ambayo haikufanana na jino la mtu.

Mwaka wa pili wa waasi nilipata jipu kwapani. Niliishi Nyalukemba na mama yangu na watoto watatu wa dada yangu aliyeuawa njiani, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na kazi. Muuguzi mwenye jipu hakuruhusiwa kugusa watoto wachanga, na kukaa nyumbani maana yake ilikuwa mtu mwingine achukue nafasi yako. Sikusema. Nilinunua kapsuli sita sokoni, nikameza nne, jipu likapasuka na kukauka, nikaziweka mbili kwa siku nyingine. Muzee angenipigia kelele. Sikumwambia.

Kisha watoto wa wodi yetu wakaanza kuota vipele vya usaha. Shingoni, kinenani, kwenye kitovu. Wanne kwa juma moja. Binti wa mama mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka Luhwindja akiwa na mimba kubwa, sumu iliingia katika damu yake, akafariki siku ya sita. Mama yake alikuwa bado hajampa jina. Nilimvika mimi, na nilipokuwa nikimvika nilijua.

Muzee alikuja wodini na vijiti vyake vya pamba. Alitueleza kwamba mtu anaweza kubeba ukoo wa namna hii puani, haumwi, haoni kitu, akiugawa kwa mikono. Haikuwa kosa la mtu, alisema. Aliyenao atapumzishwa, atatibiwa, atarudi. Kila mmoja wetu, hata Maman wa usafi, yule mjane mpole aliyefagia na kufua vitambaa, alipitisha kijiti puani na kukitia katika kichupa. Jina liliandikwa kwenye kipande cha plasta. Vichupa vilipangwa kwenye sinia, na sinia likaachwa katika chumba cha wauguzi mpaka yeye amalize kula.

Chumba kilikuwa tupu. Nilibandua plasta yangu, nikabandua ya Maman wa usafi, nikazibadilisha. Haikuchukua muda wa kusema Salamu Maria.

Muzee alikuwa amesema aliyenao atarudi, na mimi sikumwamini. Kwa Maman wa usafi nilikuwa na haki ya kutoamini: hawakumpumzisha, walimfukuza. Ukoo uliotoka kwenye kichupa chenye jina lake ulikuwa uleule wa watoto, dawa kwa dawa. Muzee alipinga, alikwenda mpaka kwa mganga mkuu, akarudi mikono mitupu. Maman alikunja kanzu yake ya bluu, akaiweka juu ya kiti.

“Miye nilifanyaka nini?” aliniuliza. “Nafagiaka tu. Batoto sibashikake.”

Nilimbebea beseni lake mpaka getini. Alinishukuru. “Aksanti, maman. Mungu akubariki.” Nilirudi wodini nikanawa mikono.

Watoto waliendelea kuota vipele. Wawili zaidi, na mmoja wao, mvulana mnene aliyekuwa akinyonya vizuri, tulimzika. Muzee aliotesha usaha wao, akakuta ukoo uleule. Alizunguka labo kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alikwenda Bagira kwa miguu, akipita vizuizi viwili vya askari, akamtafuta Maman nyumbani kwa wakwe zake, akampima pua tena. Siku mbili baadaye akanisimamisha kwenye korido na sahani mbili mkononi.

“Yule mama hana kitu,” alisema. “Kidudu yake inakufa kwa kila dawa. Ya leo na ile ya kichupa hazizaliane hata kidogo. Sasa?” Akanitazama. Alikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. “Weye unawaza nini, mutoto yangu?”

Alisubiri. Nakumbuka alivyosubiri. Mgonjwa alipita na fimbo yake, mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka ukajifunga, na yeye bado alikuwa amesimama.

“Pengine inageukaka, Muzee,” nikasema. “Pengine inabadilisha sura.”

Akatikisa kichwa taratibu. “Inabadilisha sura,” akarudia, na akaandika.

Juma lile niliomba kuhamishiwa huduma ya wagonjwa wa nje kwa kisingizio cha mgongo. Nilipaka puani dawa ya mafuta, nikameza kapsuli safari hii mpaka ya mwisho. Watoto wakapona, wengine wakazaliwa bila vipele. Mganga mkuu alisema ni kwa sababu ya kiangazi. Muzee alifunga daftari lake. Kama koo zinageuka ovyo namna ile, basi kutambua ukoo ni upuuzi, na kumbe alikuwa amemwondoa mjane kazini kwa upuuzi wake. Aliacha kuotesha majipu ya mjini. Alibaki kupima malaria na minyoo kama walivyotaka, mpaka akastaafu. Sikusikia tena rumba kwenye ile korido.

Vita vilikwisha kama vinavyokwisha kwetu, kidogokidogo na bila mwisho. Miaka ilipita. Siku moja daktari kijana, mtoto wa mji huu aliyerudi kutoka masomoni, alitukusanya wauguzi atuonyeshe kazi yake. Alikuwa amechukua vijidudu vya majipu kutoka kata za Bukavu na vijiji vya jirani, akavisoma urithi wake kwa mashine. Alieleza kwa furaha kwamba vile sugu si ukoo mmoja. Ni koo nyingi, zimechanganyika majumbani, na kila moja hudumu na alama zake, unaweza kuifuata kutoka mtu hadi mtu.

Wenzangu waliuliza maswali. Mimi nilikuwa nikitazama miguu yangu. Kesho yake nilikwenda kwa Muzee.

Alikaa upande wa juu wa Nyalukemba, dakika ishirini kutoka kwangu, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimezunguka ili nisipite mlangoni kwake. Mkewe alikuwa ameshafariki. Macho yake yalikuwa yamefifia, akanitambua kwa sauti, akanisogezea kiwiko. Nilikataa kukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama: jipu, kapsuli, plasta, korido. Nilisema na yale ya daktari kijana, kwamba yeye ndiye aliyekuwa na ukweli tangu mwanzo.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza.

“Kaa,” akasema. Nikakaa. “Kidudu ya yule mama, ile nilitoa kwake Bagira. Wajua nilishaionaka wapi mbele?”

“Wapi, Muzee?”

“Mu kichupa yako. Ile yenye jina yako. Sawasawa, rangi na dawa zote.” Alikuwa akipapasa goti lake. “Niliiona siku ileile. Nikasema: apana, huyu hawezi. Huyu ni mutoto yangu. Kama njo vile, basi ni sayansi inanidanganya. Nikakuya kukuuliza kwa korido. Nilikuwa nataka useme tu.”

Nilihesabu moyoni miaka niliyozunguka mlango wake.

“Donc, basi, tuko babili,” akasema. “Weye ulidanganya daftari. Miye nilijuwa, nikafunga macho, na mutoto wa kiume alikufaka tena.”

“Unisamehe, Muzee.”

“Yangu iko rahisi. Ya yule mama siko nayo ruhusa.” Akainuka, akashika ukuta, akaanza kutafuta viatu vyake. “Anaishi. Iko palepale Bagira. Twende.”

“Leo, Muzee?”

“Ungependa kungoja kiangazi?”

Tulipanda basi dogo, yeye amekaa karibu na dirisha, ameshika mkono wangu, yeye asiyeshika mkono wa mtu. Tuliteremka na kupanda kilima polepole, tukipumzika kila baada ya nyumba chache. Maman alikuwa uani akichambua maharage. Alikuwa amekonda, kichwa chote cheupe. Alitutambua wote wawili na akatuletea viti kabla hatujasema neno.

Muzee alisema kwanza, kifupi, sehemu yake. Kisha mimi nikasema yangu. Nilisema kwa sauti ya chini, uso chini, jinsi mtu anavyosema kwa padri.

Maman aliendelea kuchambua maharage mpaka nikamaliza. Ndipo akaweka ungo chini.

“Munajuwa bananiitaka nani hapa?” akauliza. Hakuwa amekasirika, alikuwa kama anayetueleza njia. “Muchawi. Mama-mukwe yangu alisema nilikulaka batoto ba hospitali, njo maana Muzee wa labo alibaona mu pua yangu. Muke wa shemeji hakuniachilie hata nimubebee mutoto. Batoto yangu balikomaa na ile jina.”

“Maman, ninakuomba…”

“Ngoja.”

Akainuka, akaingia ndani. Tulimsikia akiita majina, moja baada ya jingine, na mlango wa nyumba ya nyuma ukifunguliwa. Wakatoka binti zake wawili watu wazima, shemeji yake na mke wa shemeji. Mwisho akatoka mama-mkwe, kikongwe aliyeshikiliwa makwapa pande zote mbili, wakamkalisha juu ya kile kiti nilichokuwa nimekalia mimi. Majirani walisimama kwenye ua wa miwa kutazama.

Maman akasimama nyuma ya kikongwe, mikono yake juu ya mabega yake.

“Sema tena,” akaniambia. “Yote, tangu jipu. Na useme kwa nguvu, huyu masikio yake inasikiaka kidogo.”

Nikasimama mbele yao wote. Nikaanza tangu jipu. Kikongwe akaweka kiganja nyuma ya sikio na kusema hasikii, na nikarudia, kwa nguvu.